Pareto: Ua Lenye Thamani Isiyoonekana
Maneno yaliyosemwa mbele ya wakulima wa nyanda za juu kabla ya majira ya kupanda

Hatukuja kama mabwana shamba, maana sisi ni makarani tu. Kazi yetu ni mizani, kalamu na daftari. Walakini mtu akaaye karibu na mizani miaka mingi huona mambo ambayo mwenye shamba hayaoni, na mwenye kiwanda naye hayaoni. Hayo ndiyo tuliyokuja kuyasema.

Tangu tufike tumesikia maneno ya namna mbili. Wengine wasema, "Msimu huu tutang'oa pareto yote tupande viazi, maana fedha zilichelewa, tena magunia yetu yalirudishwa." Wengine wasema, "Pareto ina fedha. Tutaipanda hata mahali pa mahindi." Sisi twaona pande zote mbili zina haraka. Kabla ya kung'oa na kabla ya kupanda, yafaa mtu alijue kwanza ua lenyewe, na ajue kwa nini fedha yake huja au hukosekana.

Pareto ni mmea gani

Pareto ni mmea wa jamaa moja na alizeti. Atakaye kuuona udugu huo na achukue ua la alizeti na ua la pareto, ayaweke pamoja mkononi. Ataona kwamba kile tukiitacho ua moja si ua moja, bali ni maua mengi madogo yaliyokaa pamoja juu ya kiti kimoja, kama watu wa ukoo mmoja waliozunguka moto. Katika pareto, vile vyeupe vya pembeni ni vijiua vya namna moja, na vile vya manjano vya katikati ni vijiua vya namna nyingine. Chini ya kila kijiua imo mbegu changa.

Shikeni sana neno hili la mbegu, maana ndilo msingi wa yote tutakayosema. Dawa ya kuua wadudu haimo katika majani wala katika bua kwa kiasi cha kufaa. Karibu yote imo katika zile mbegu changa. Tena ni kidogo sana: katika kilo 100 za maua makavu, dawa yenyewe ni kama kilo 1 hadi 2 tu, zinazobaki zote ni makapi. Basi mwenye kiwanda hanunui maua. Anunua hicho kidogo kilichomo ndani ya maua, ambacho wewe hukioni kwa macho, wala sisi makarani hatukioni juu ya mizani.

Safari yake hata kufika kwetu

Asili ya ua hili ni Dalmatia, pwani ya Bahari ya Adriatiki, ambako leo sehemu kubwa ni nchi ya Kroatia. Watu wa huko walitambua kwamba maua hayo, yakikaushwa na kusagwa, unga wake huua viroboto na kunguni, nao wakaufanyia biashara. Ilipokuja vita kuu ya mwaka 1914 biashara yao ilivunjika, na Wajapani, ambao walikuwa wamekwisha kuipata mbegu, wakawa wakulima wakuu wa pareto duniani. Huko Japani ndiko Bwana Eiichiro Ueyama alikoanza kutengeneza udi wa kufukuzia mbu mwaka 1890, na baadaye ukasokotwa mfano wa konokono, kama huu mwuonao leo madukani.

Katika Kenya pareto ilianza kupandwa mwishoni mwa miaka ya 1920, katika mashamba ya walowezi wa Kizungu. Tanganyika ikafuata katika miaka ya 1930, huku kwetu kusini na kule kaskazini. Vita ya pili ilipowafikia Wajapani mwaka 1941, maua yao hayakupatikana tena katika Uingereza na Marekani, nazo nchi hizo zikawa zatazama maua ya Afrika ya Mashariki ili kuwalinda askari wao na mbu na chawa. Wakati huo huo wataalamu wawili wa Marekani, Lyle Goodhue na William Sullivan, walibuni kopo la kunyunyizia dawa. Ndani ya kopo lile ilikuwamo dawa ya pareto iliyochanganywa na mafuta ya ufuta, maana ufuta huiongezea pareto nguvu.

Twawaambia khabari hizi si kwa kujisifu na mambo ya zamani. Twataka mwone kwamba zao hili limekwisha kuhama nchi mara nyingi. Lilitoka Dalmatia likaenda Japani, likatoka Japani likaja Afrika, na katika miaka yetu hii limekwenda Tasmania, kisiwa cha Australia, ambako maua huvunwa kwa mashine. Lilihama kwa vita, na limehama pia kwa sababu iliyo ndogo kuliko vita. Sababu hiyo tutaifikia.

Namna ya kulilima

Pareto yataka nchi ya juu yenye baridi. Bila usiku wa baridi kwa majuma kadhaa mmea hautoi vichwa vya maua. Mtu akiupanda katika bonde lenye joto kama la Kilombero, atapata majani ya kuwaonyesha wageni tu. Baridi hii mnayoilalamikia asubuhi ndiyo mali yenu, nayo wenzenu wa mabondeni hawawezi kuinunua.

Yataka udongo usiotuama maji, maana mizizi yake huoza upesi. Tengenezeni matuta, na pandeni miche iliyotoka kitaluni au vipande vilivyopasuliwa kutoka mashina mazuri ya zamani. Kati ya mstari na mstari iwe kama sentimita 60, na kati ya mche na mche kama 30. Msipasue shina lililo gonjwa wala lile linalotoa maua machache, maana mtoto hufuata mzazi. Palilieni mapema. Baada ya msimu wa maua kateni mabua makavu ili mmea uchipue upya. Ikiisha miaka mitatu hivi, ng'oeni, na mahali pake pandeni mahindi au ngano ili udongo upumzike, kisha pareto ihamie kipande kingine.

Wala msiitoe sehemu ya chakula. Pareto hailiwi. Mwenye shamba la fedha bila ghala la mahindi, siku fedha zikichelewa hulala na njaa akiyatazama maua yake mazuri.

Kuchuma ndiko kwenye mali

Sasa twafika kwenye kazi yenyewe. Vijiua vya manjano havifunguki vyote siku moja. Hufunguka safu kwa safu, kuanzia pembeni kuelekea katikati. Mwende shambani mtazame. Ua likiwa bado limejifunga, mbegu zake hazijaijaza dawa. Likizeeka na kuwa la kahawia, uzuri wake umekwisha kupita. Wakati wake ni pale vile vyeupe vimenyoka wazi pande zote, na safu mbili au tatu za manjano zimekwisha kufunguka. Hapo ndipo mbegu ina dawa yake, na hapo ndipo mkono na upite. Kisha rudini shamba lile lile baada ya majuma mawili au matatu, maana maua hayangojani.

Chumeni kichwa cha ua peke yake, pasipo bua. Bua lina uzito lakini halina dawa. Msichume umande ukiwa bado haujakauka. Wekeni maua katika tenga au kikapu kinachopitisha hewa, wala si katika mfuko wa nailoni, kwa kuwa maua mabichi yakishindiliwa hupata moto yenyewe, hugeuka rangi, na dawa yake hupotea kabla hamjafika nyumbani.

Yaanikeni siku ile ile, yametandazwa membamba juu ya chekecheke au turubai iliyoinuliwa toka chini, na kuyageuza mara kwa mara. Palipo na kaushio, moto wake usiwe mkali. Ua lililokauka barabara huvunjika-vunjika likibanwa kwa vidole. Likiisha kukauka litoeni juani, mliweke mahali pakavu pasipo mwanga, maana jua lile lile lililoukausha unyevu, likizidi huiharibu dawa. Kilo 4 au 5 za maua mabichi hutoa kama kilo 1 ya makavu. Hapo ndipo wengi hushawishika, wakasema moyoni, "Kwa nini niipoteze kilo yangu angani? Nitaliacha likiwa na unyevu kidogo."

Kisa cha magunia yaliyorudishwa

Basi tukiri neno. Msimu mmoja, katika kituo kimoja tulichokuwa tukipimia, watu walikuwa wengi na lori lilikuwa likingoja. Tulipima magunia kwa haraka bila kuyafungua. Tuliandika uzito, tukatia sahihi, tukayachanganya yote katika shehena moja. Baada ya siku chache khabari zikaja kwamba katika shehena ile mlikuwa na magunia yenye mabua mengi, na mengine yameota ukungu katikati, ijapokuwa juu yalikuwa makavu na mazuri. Dawa iliyopatikana ilikuwa haba. Bei ikashushwa kwa wote.

Akaja bibi mmoja wa makamo ya nyanya yetu. Alikuwa ameleta gunia moja tu, nasi twalikumbuka, kwa kuwa maua yake yalikuwa masafi kama yaliyohesabiwa moja moja. Akasema, "Wajukuu zangu, mimi nilichuma vizuri. Kwa nini nimelipwa kama aliyeleta mabua?" Hatukuwa na jibu. Tulitazama daftari, na daftari lilionyesha uzito tu; halikuonyesha mkono wa nani ulichuma vizuri na wa nani ulichuma vibaya. Bibi yule hakutukana. Alikunja karatasi yake akaenda. Msimu uliofuata hakuleta kitu, na tulipouliza tukaambiwa ameng'oa.

Mabwana, kosa lile halikuwa la wenye mabua peke yao. Lilikuwa letu sisi pia, tuliokuwa na macho na mikono ya kulifungua gunia, tukaogopa kulichelewesha lori. Ni rahisi kumlaumu mkulima mwizi wa uzito. Lakini karani asiyefungua gunia amemfundisha yule mwizi kwamba wizi wake una faida, na amemfundisha bibi mwaminifu kwamba uaminifu wake hauna faida. Tangu siku ile hatupimi gunia lililofungwa.

Mkono unaochuma

Liko jambo jingine, nalo twalisema kwa heshima mbele ya wazee. Kazi ya kuchuma, katika nyumba nyingi, hufanywa na akina mama. Wao huinama tangu umande ukaukapo hata jioni, na ua moja ni jepesi kuliko unyoya. Siku ya mauzo huja nani? Huja baba. Hupokea fedha, na mara nyingine fedha hizo hazifiki jikoni.

Tulimwuliza mama mmoja kwa nini maua ya nyumba yake yana mabua marefu. Akajibu, "Mwanangu, kuchuma kichwa kichwa ni kazi ya siku mbili; kukwanyua na mabua ni kazi ya nusu siku. Na fedha zenyewe sizioni, za siku mbili wala za nusu siku." Jibu lile lilitufungulia macho kuliko mafunzo mengi. Wazee wetu, mwaweza kuwa na miche mizuri, na matuta mazuri, na bwana shamba akawatembelea kila juma. Lakini dawa iliyo katika ua hulindwa na vidole vya yule anayechuma, na vidole hivyo vina mwenyewe, naye anajua kuhesabu. Baba aende kwenye mizani pamoja na mama, mama aone uzito ukisomwa, na fedha zigawanywe nyumbani mbele ya wote. Wala mtoto wa shule asikoseshwe shule kwa ajili ya ua.

Yaliyowapata jirani zetu

Msidhani twawasema ninyi peke yenu. Wajibu ni wa wanunuzi nao, na mfano uko karibu. Kenya ilikuwa ya kwanza duniani kwa pareto miaka mingi. Katika siku za ukoloni Waafrika wa huko walizuiliwa kwa muda mrefu wasilime mazao mengi ya fedha. Baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 wakulima wadogo waliingia kwa wingi, nao wakawa ndio nguzo ya zao hili. Walakini chombo kilichokuwa na amri ya pekee ya kununua maua kilifika kushindwa kuwalipa, hata wengine wakangoja miaka. Basi wakulima waling'oa. Vita haikuwapo, wala ukame wa ajabu, wala ugonjwa wa mmea. Maua yalitoweka katika miteremko kwa sababu deni halikulipwa. Mwaka 2013 ilitungwa sheria mpya ya pareto ili wanunuzi wengine nao wapate nafasi. Lakini mkulima aliyekwisha kung'oa harudi shambani kwa kuisikia sheria tu.

Hii ndiyo sababu ile tuliyosema ni ndogo kuliko vita. Leo Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazotoa pareto nyingi katika Afrika, na kiwanda kiko Mafinga, si mbali na ninyi. Lakini kama zao lilivyokuja kwetu, ndivyo liwezavyo kutuacha.

Dawa yenyewe na mipaka yake

Wengine huuliza, "Kwa kuwa wataalamu wamekwisha kutengeneza dawa za namna hii bila ua, je, ua letu litatakiwa mpaka lini?" Swali ni jema. Ni kweli kwamba wataalamu waliichunguza pareto, wakatengeneza dawa za mfano wake. Mojawapo ni pamethrini, iliyotoka Rothamsted, Uingereza, mwaka 1973, katika kazi ya Bwana Michael Elliott na wenzake. Dawa za namna hiyo ndizo zilizotiwa katika vyandarua. Zenyewe hukaa muda mrefu bila kuharibika. Lakini wako wanaotaka dawa isiyokaa muda mrefu, hasa katika chakula na majumbani, na pareto huvunjika upesi ikipigwa na jua. Kwa hiyo ua bado lina wanunuzi.

Walakini msiichezee. Haina ukali mkubwa kwa mtu, ingawa huwawasha baadhi ya wachumaji ngozi. Ila kwa samaki na nyuki ni mauti. Msioshe pampu ya dawa mtoni, wala msinyunyizie mchana nyuki wakiwa mauani. Katika nchi hii mna mizinga mingi. Si busara kuchuma fedha kwa mkono mmoja na kuua asali kwa mkono wa pili.

Tunayoomba

Basi, wapendwa, hatukuwaambia ng'oeni, wala hatukuwaambia pandeni kila mahali. Mwenye ekari mbili na ajaribu sehemu, na chakula kibaki pale pale. Zaidi ya hayo twaomba mambo matatu.

La kwanza, wakulima wa kila kitongoji wachague watu wawili, mmoja awe mama, wasimame kwenye mizani na kulifungua kila gunia mbele ya wote. Gunia lenye mabua au unyevu lirudi kwa mwenyewe siku ile ile, bila ugomvi, akalisafishe.

La pili, sisi makarani tuandike jina, uzito na hali ya maua, na kila mtu apewe karatasi yake. Yeyote kati yetu atakayekataa kuandika, msimpe gunia lenu.

La tatu, mnunuzi aseme siku ya malipo kabla ya kuchukua maua, nanyi mwiandike. Mnunuzi mmoja aliyekwisha kuwachelewesha hatutamtaja hapa. Yeye anajijua, nanyi mwamjua. Aulizwe mbele ya watu, si pembeni.

Wazee husema, mchumia juani hulia kivulini. Mithali hii haisemi kwamba mmoja achume juani na mwingine ale kivulini. Bibi yule aliyeng'oa pareto yake bado yupo, na ardhi yake ni nzuri. Juma lijalo twakusudia kwenda kumwamkia, tumweleze namna mizani inavyosomwa sasa, na kumwomba msamaha. Kama atakubali kupanda tena hatujui. Lakini akikubali, gunia lake litafunguliwa mbele ya watu wote, nao wataona wenyewe jinsi maua mazuri yalivyo.

Mwenye swali na aulize sasa, maana mizani iko hapa, na daftari liko wazi.